Handela Akikosea, Jaji Afanye Nini? Mwongozo kwa Anayeanza Kuamua Maonyesho ya Mbwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwa wamefika kwenye maonyesho ya mbwa. Huku kizuri nacho hutembezwa, na anayekitembeza ni mtu, ndiye tunayemwita handela: mwenye mbwa mwenyewe, binti yake wa darasa la sita, kijana anayewalisha mbwa nyumbani na leo tajiri kamtuma, au handela wa kulipwa anayeijua kazi yake kama fundi cherehani anavyojua sindano. Mbwa mzuri akishikwa vibaya huonekana mbaya. Mbwa wa kawaida akipata mkono mzuri hung'ara kuliko alivyozaliwa.

Kabla sijapewa mbwa wa kuamua nilikuwa karani wa ulingo, yule anayeita namba na kupanga mezani tepe za washindi. Kwa hiyo nimewatazama majaji wengi kutoka pembeni. Wapo wanaomkaripia handela mpaka mbwa naye anaingiza mkia katikati ya miguu. Wapo wanaonyamaza, wanaandika alama ya chini na kuita anayefuata. Wote hao wameiacha kazi, maana kazi ni kumwona mbwa. Kosa la handela ni pazia lililoning'inia kati yako na mbwa. Jaji analisogeza, anaangalia, anaamua. Likikataa kusogea, anaamua kwa alichokiona na haongezi huruma wala hasira.

Nimewaandikia hasa wanaoanza kuamua maonyesho madogo ya vilabu huku kwetu, na makarani wanaojiandaa kuwa majaji chini ya vyama kama East Africa Kennel Club cha Nairobi. Pale ninapotaja kanuni nategemea zaidi zile za shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lililoundwa mwaka 1911 na lenye makao Thuin, Ubelgiji, na za American Kennel Club ya Marekani. Kanuni zinazokufunga wewe ni za aliyekualika. Zisome usiku wa kuamkia siku yenyewe, usizisome uwanjani.

Hatua ya kwanza: hesabu dakika zako

Jaji wa FCI anayetoa maelezo ya maandishi kwa kila mbwa hukadiriwa mbwa 20 kwa saa. Hiyo ni dakika 3 kwa mbwa mmoja. Marekani, ambako maelezo hayaandikwi, jaji hutarajiwa kupitisha takriban 25 kwa saa, yaani chini kidogo ya dakika 2 na nusu. Ndani ya muda huo umguse mbwa, umkimbize, utoe maneno kwa mwandishi.

Sasa kumrudisha mtu aliyekosea hukula kama nusu dakika. Kwa mbwa 20, hata kila mmoja akirudishwa mara moja, umepoteza dakika 10 katika saa. Muda huo unaubeba ukijua mapema. Usipojua, huruma itakuishia saa tano asubuhi, na mbwa wa mchana wataonja ukali ambao wa asubuhi hawakuuonja. Kanuni yangu ni hii: kila handela ana nafasi moja ya kurudia bila kuhesabiwa, na niliyompa wa kwanza nitampa na wa mwisho. Ukiona orodha ni ndefu, zungumza na waandaaji kabla ya kuanza. Usije ukalipiza kwa mzee aliyekosea njia kwenye mzunguko.

Hatua ya pili: kagua uwanja wewe mwenyewe

Makosa mengi tunayowabebesha mahandela ni ya uwanja. Tembea ile njia utakayowaambia wapite, kwa miguu yako, na ukiona shimo weka koni mbele yake. Tikisa meza ya kukagulia mbwa wadogo. Meza ikicheza mbwa atajikunyata, nawe utaandika kwamba ni mwoga na kwamba aliyemleta hakumzoeza. Angalia jua litakuwa wapi saa sita. Mombasa au Dar es Salaam, waombe waandaaji mbwa wenye pua bapa kama Pug na Bulldog waingie mapema, na wakisubiri wasubiri kivulini. Handela anayemsimamisha Bulldog juani kwa dakika ishirini amekosea, ila aliyempanga saa hiyo amekosea zaidi.

Hatua ya tatu: maelekezo yawe mafupi, na yawe yale yale

Jaji mgeni husema Kiingereza cha haraka, kijana wa watu anaitikia kwa kichwa, halafu anakwenda kushoto badala ya kulia. Hilo si kosa la kijana. Sema polepole, onyesha kwa mkono mzima: "Wote pamoja mzunguko mmoja. Baadaye mmoja mmoja: moja kwa moja mpaka kwenye ile koni, geuka, rudi kwangu." Njia iwe hiyo hiyo kwa wote. Mtu wa kwanza hana wa kumwiga, kwa hiyo mweleze mara mbili. Aliyekuja mara ya kwanza mwambie asimame mwisho wa mstari aone wenzake. Kanuni za aliyekualika zisipomzuia, utaokoa machozi.

Jinsi ya kumwita nako kuna uzito. Mama, mzee, dada, kijana, bwana, yote yanafaa. Jina lake usilitaje hata kama mlikula pamoja juzi. Duara la watu wa mbwa ni dogo na kila mtu anamjua kila mtu. Nimewahi kumsikia jaji akimpokea handela kwa "Aa, shemeji!" mbele ya watu sita waliolipa ada ya kuingia. Mbwa wa shemeji alikuwa mzuri kweli na akashinda kwa haki, lakini hakuna aliyeamini mpaka leo.

Hatua ya nne: amua mapema yapi hutayaona

Namba iliyodondoka, namba iliyofungwa mkono usio wake, nguo zilizokunjana, handela aliyejikwaa, kipande cha soseji kilichoanguka, mbwa aliyejichafua katikati ya ulingo. Hayo yapite. Karani atashughulikia namba na kinyesi. Jaketi yenye jina la banda la wafugaji ni jambo jingine: kanuni za Marekani zinakataza chochote kinachomtambulisha mwenye mbwa kwa jaji. Usimvue mtu hadharani. Mnong'oneze karani, naye amwambie pembeni.

Na anayekuambia, huku akimpanga mbwa, kwamba baba yake mnyama huyu aliletwa kutoka Ujerumani? "Asante, tuendelee." Hayo tu. Ukimjibu zaidi mmeshaanza mazungumzo, na wengine wanatazama midomo yenu.

Hatua ya tano: mbwa amesimama

Hapa ndipo makosa mengi yalipo, na ndipo neno moja la jaji lina faida kuliko popote.

Kosa mama ni ukanda wa kumshikia mbwa unaovutwa juu. Handela ameogopa, na mtu aliyeogopa hukaza mkono. Ukanda unapanda nyuma ya masikio, shingo inanyooka kama ya mbuni, miguu ya mbele inabaki kugusagusa nyasi. Ukimtazama mbwa huyo kutoka mbele utaona viwiko vimetoka nje, na utaandika viwiko. Subiri. Sema, "Legeza ukanda, mwache asimame mwenyewe," kisha hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Viwiko vikirudi mahali pake, umemwona mbwa. Visiporudi, umemwona pia.

La pili ni kuivuta miguu ya nyuma mpaka mgongo ushuke kama paa la banda la kuku. Wenye German Shepherd ndio hasa, kwa sababu mbegu hiyo husimamishwa mguu mmoja wa nyuma ukiwa mbele kidogo chini ya tumbo na mwingine umerudi nyuma, na mtu asiyejua mpaka uko wapi huendelea kuvuta. Tazama ule mfupa kutoka kisigino kwenda kwenye wayo katika mguu uliorudi nyuma: usimame wima. Ukiwa umelala, amezidisha. Usimfundishe hapo hapo namna ya kupanga miguu, mtapoteza dakika zote. Mwambie, "Hatua mbili mbele, halafu mwache." Mbwa anayejibeba vizuri atasimama vizuri au karibu na vizuri. Hatua mbili mbele ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote alivyo navyo jaji, na bado nitakirudia.

La tatu ni handela kusimama kati yako na mbwa. Hili linanikumbusha jike moja la Rhodesian Ridgeback. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na aliyemleta alikuwa kijana mwenye gambuti zilizojaa matope mpaka shingoni. Mwenye mbwa alikuwa ameketi chini ya hema. Kijana alipiga goti upande wangu, akanipa mgongo, akauweka mkono wa kushoto juu ya mgongo wa mbwa ili amtulize. Mkono ulilala juu ya ule mstari wa manyoya yanayoelekea kinyume, ambao ndio alama ya mbegu yenyewe. Sifa rasmi za mbegu hiyo, ambazo rasimu yake ya kwanza iliandikwa Bulawayo mwaka 1922, zinataka mstari uanze mara tu nyuma ya mabega, uzidi kuwa mwembamba ukielekea nyongani, na uwe na taji mbili, yaani vizingo vya manyoya, zinazofanana, zimetazamana sawasawa, zisivuke theluthi ya kwanza ya mstari. Mimi nilichokiona ni mkono.

"Kijana, asante. Hamia upande ule, na huo mkono uondoe mgongoni."

"Atasonga, mzee."

"Akisonga tutamngoja."

Akasonga kweli. Tukamngoja. Alizunguka mara moja, akanusa nyasi, halafu kunguru wawili wakatua juu ya hema, naye akainua shingo kuwatazama. Akatulia hivyo. Taji mbili zikaonekana kana kwamba zimechorwa kwa bikari. Kila aliyekuja baada yake nilimngoja vilevile, na mwishoni jike lile ndilo nililolipa nafasi ya kwanza katika daraja lake. Mama mmoja aliyeshika nafasi ya pili aliniuliza baadaye kama siku hizi tunawapa tepe waliovaa gambuti. Nilimwambia sikumkagua kijana miguu.

Kwa Basenji kosa huwa dogo zaidi na ni rahisi kulikosa. Huyu ni mbwa wa Kongo, na jina lake ni ndugu wa neno letu la shenzi, lile la mbwa shenzi, ingawa leo ana vyeti kuliko wengi wetu. Makunyanzi ya paji la uso huonekana masikio yakisimama. Handela akishika kipande cha maini chini ya kidevu, mbwa atainamisha macho, masikio yatalegea, na makunyanzi yatapotea. Mwombe ainue mkono au arushe nyasi kidogo mbele. Fanya haraka, maana Basenji hachelewi kuchoka na mchezo wenu.

Hatua ya sita: meno na mwili

Mbwa mzima ana meno 42, 20 juu na 22 chini. Wenye mbwa wengi nyumbani hufungua mdomo wote kama wanafungua kopo, wakaziba na pua, mbwa akakosa hewa na kuanza kupigana. Handela hapo hajui tu. Mwonyeshe kwa mdomo wako mwenyewe ikibidi: taya zimefungwa, kidole gumba kinashusha mdomo wa chini, mkono mwingine unainua wa juu, kwanza mbele kuona kama meno yanapishana kama mkasi, halafu pembeni huku na huku. Ni vizuri handela ndiye ashike. Ukishika wewe, safisha mikono kabla ya kwenda kwa mwingine, maana vidole vya jaji vinaweza kubeba ugonjwa kutoka mdomo hadi mdomo.

Mbwa akirudi nyuma unapomkaribia, tazama kwanza miguu ya handela. Mara nyingi yeye ndiye aliyerudi nyuma, na mbwa kamfuata. Mwambie asimame imara, ashike kichwa, aongee na mbwa wake kwa sauti ya kila siku. Njoo kutoka mbele, si kwa nyuma, na usimwinamie kama mwewe. Akikataa tena baada ya hapo, FCI wana alama yake: hawezi kuamuliwa. Hupewa mbwa asiyekubali kuguswa, anayerukaruka au anayetaka kutoka ulingoni mpaka mwendo wake hauonekani. Si tusi wala si adhabu. Ni kusema ukweli kwamba pazia halikusogea. Mwambie handela hivyo hivyo, kwa upole, na kwamba mtaonana maonyesho yajayo.

Akijaribu kuuma, hilo limetoka kwenye makosa ya uonyeshaji. Anatoka ulingoni, haidhuru handela ana sababu gani. Na aliyeumwa na kuchubuka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakijali kwamba mnyama ana cheti cha ukoo.

Hatua ya saba: mwendo

Mwendo unaotakiwa kwa mbegu nyingi ni mchakamchaka: mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake. Handela akienda polepole mno, mbwa huangukia mwendo wa ngamia, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja, na mwili unayumba. Jaji mgeni wa kazi huandika "mwendo mbaya". Kabla hujaandika, mwambie handela, "Rudi mwanzo, mtikise kidogo ukanda, uanze kwa kasi zaidi." Mbwa tisa kati ya kumi niliowashuhudia walibadilika hapo hapo.

Wengine wana kosa la kinyume. Wameona kwenye simu handela wa Marekani akikata ulingo mbio na suti yake, wakadhani kasi ni sifa. Mbwa anaanza kuruka kama sungura, ukanda umekaza, miguu ya mbele inapaa. "Punguza nusu. Ukanda uning'inie." Asipoelewa nusu ni kiasi gani, tembea naye hatua nne.

Kuchechemea kunataka uangalifu. Ukanda uliovutwa upande mmoja unaweza kumfanya mbwa mzima aonekane kilema. Legeza, mgeuze apite upande wa pili, tazama mara moja tu zaidi. Akiendelea, anatoka, uwe ni mwiba au ni nyonga. Msogelee handela, mwambie kwa sauti ya chini aangalie wayo akifika kivulini. Usitangaze.

Anayemkanyaga mbwa wa mbele visigino huenda hajui, au huenda anajua sana. Kwa mara ya kwanza wachukulie wote kuwa hawajui: "Acheni nafasi ya mbwa wawili." Mara ya pili mtaje yeye kwa namba yake, na mpeleke mbele au nyuma ya mstari.

Kuna pia wapiga mluzi nje ya kamba. Ujerumani, kwenye maonyesho ya German Shepherd, mwenye mbwa kukimbia nje ya ulingo akimwita mnyama wake ni desturi ya miaka mingi. Marekani na Uingereza hairuhusiwi. Huku kwetu tumepokea vyote viwili, kwa hiyo uliza waandaaji asubuhi. Ikikatazwa, mtume karani kwa yule aliye nje. Handela aliye ndani usimwadhibu kwa mluzi wa mjomba wake, isipokuwa umeona anaelekeza.

Mzee mwenye magoti mabovu, au handela anayetembea kwa gongo, usimpunguzie chochote wala usimwongezee. Mfupishie njia, au mruhusu mwingine amkimbize mbwa kama kanuni zinakubali. Usitangaze kwamba umemfanyia hisani.

Hatua ya nane: tofautisha kosa na hila, na kosa na ukatili

Unga mweupe uliobaki kwenye manyoya baada ya kusafisha ni uzembe. Rangi iliyopakwa kuficha baka ni hila. Pangusa kwa karatasi nyeupe ya shashi. Ikitoka na rangi, mwite karani aone, na mzungumze na handela mbali na masikio ya watu. Kanuni za Marekani zinakataza kubadili rangi ya mbwa. Kwa FCI, dalili za upasuaji au matibabu yaliyokusudiwa kumdanganya jaji zinamweka mbwa katika wale wasioweza kuamuliwa. Hapo hakuna nafasi ya kurudia. Lakini pia hakuna haja ya hotuba.

Kumpiga mbwa, hakuna onyo: anatoka, karani anaandika, waandaaji wanaarifiwa. Kumkurupua kwa ukanda kwa sababu ya wasiwasi, onyo moja, na liwe la utulivu. Ukimpigia handela kelele anahamishia hofu yake kwenye ukanda, na anayelipa ni mbwa. Mara nyingi nimesema tu, "Vuta pumzi. Mimi sina haraka," hata nilipokuwa nayo.

Hatua ya tisa: watoto, na mahandela wa kulipwa

Shindano la mahandela watoto linageuza kila kitu juu chini. Marekani hushiriki wenye miaka 9 mpaka kabla ya kutimiza 18, na anayepimwa ni mtoto. Ubora wa mbwa hauingii kabisa. Hapo kosa la kushika ukanda ni alama. Hata hivyo usiwategee mitego ili ucheke. Kila mtoto aondoke na neno moja la kweli kuhusu kitu alichofanya vizuri, si "umejitahidi" inayosemwa kwa wote. Mtoto akiingia kwenye madaraja ya kawaida, yeye ni handela kama mwingine. Machozi yake hayana alama, wala tabasamu lake.

Handela wa kulipwa ana hatari yake, nayo huonekana kwa shida kwa sababu inapendeza. Asiyejua hufunika uzuri wa mbwa, anayejua hufunika ubaya. Mkono wake uko chini ya koo kwa sababu ngozi ya koo imelegea. Amesimama kwenye mteremko mdogo, miguu ya mbele juu, kwa sababu mgongo wa mbwa unashuka. Anamchezesha kichwa usione macho. Usimlaumu kwa hilo, ndiyo kazi anayolipwa. Mwambie maneno yale yale uliyomwambia kijana wa gambuti: hatua mbili mbele, halafu mwache.

Wakilingana kweli, mbwa wawili na huwezi kuwatenganisha, chukua yule uliyemwona zaidi. Kwa kawaida atakuwa yule aliyeonyeshwa vizuri zaidi, na hapo ustadi wa handela umepata haki yake. Ila iwe mwisho wa hesabu, isiwe mwanzo.

Hatua ya kumi: tepe na maandishi

Mpe kila mtu tepe yake ukimtazama usoni. Hakikisha mgeni anajua rangi maana yake nini: Marekani nafasi ya kwanza ni buluu na ya pili nyekundu, Uingereza ni kinyume, na nimeona mtu akiomboleza ushindi wake.

Maelezo ya maandishi yamhusu mbwa. Usiandike "ameharibiwa na aliyemshika". Karatasi hiyo itasomwa na tajiri wa kijana Jumatatu asubuhi, na hujui kitakachofuata. Andika, "Kichwa kizuri, mabega yamelala vizuri, leo hakuonyesha urefu wote wa hatua yake." Mjuzi ataelewa. Usiandike wala usikisie ambacho hukukiona: kama mwendo haukuonekana, mwendo haupo kwenye karatasi.

Hatua ya mwisho: baada ya ulingo

Watakuja. Ukiwa ndani ya ulingo usijadiliane na mtu. Waambie utakuwa hemani ukimaliza. Ukimaliza, kaa hemani kweli. Mwenye hasira mwache amwage yote, kisha mwambie jambo moja zuri la mbwa wake na jambo moja lililomwangusha, yote ya mbwa. Akiuliza kuhusu uonyeshaji wake ndipo useme, na useme jambo moja. Matatu hayatafika nyumbani.

Kijana wa gambuti alikuja mwisho kabisa, watu wakikunja mahema. Aliuliza ukanda unatakiwa ulegee kiasi gani. Niliuchukua, nikaufunga kwenye kifundo changu cha mkono, nikamwambia ashike upande wa pili tutembee. Kila alipovuta nilivuta. Tulikwenda mpaka kwenye koni na kurudi mara tatu, na mara ya tatu ukanda ulining'inia kati yetu kama kamba ya kuanikia isiyo na nguo. Mwenye mbwa alikuwa ametoka hemani, anataka naye kujaribu. Nilimwomba kwanza amletee kijana chai.